Gari la Kimya Lina Mdomo

Mlioniacha juma lililopita nimeshika usukani, mlango wa gari wazi, na mama mkwe kalala chini katikati ya vibanio vya nguo, niwatoe wasiwasi kwanza. Hakufa.

Alivunjika kifundo cha mguu. Hospitali wakamfunga plasta kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti, wakasema apumzike. Dereva wa kumpeleka na kumrudisha nilikuwa mimi, kwa gari lile lile lililomwangusha. Njia nzima alikaa kiti cha nyuma, mguu kaunyoosha, hasemi neno. Tulipofika nyumbani ndipo akafungua kinywa.

"Hebu niambie. Pale uani nilisikia nini?"

"Hukusikia kitu, mama. Gari hili halina mngurumo."

"Basi. Ndivyo nitakavyowaambia watu."

Na ndivyo alivyowaambia. Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa kwamba mke wa mwanawe alimjia kwa nyuma kama paka.

Kwa aliyenikuta leo: mimi ni mshonaji wa mapazia. Naishi nyumbani kwa mama mkwe, kwa sababu mume wangu anafanya kazi mgodini, anarudi kwa msimu, na wakubwa waliamua kwamba mke wake hawezi kukaa peke yake. Nilikuwa na gari la petroli nililoachiwa na marehemu baba. Tuliliita Kikohozi. Kilikohoa kikiwashwa, kilikohoa kikizimwa, na kikipanda mlima kilikohoa mpaka unakionea huruma. Mume wangu akapiga hesabu zake za petroli, oili na mafundi, akakibadilisha na gari la umeme bila kuniambia, akafunga utepe mwekundu kwenye kioo, akaniita nje nimefumba macho.

Nilipofumbua nikalia. Akadhani ni furaha.

Gari lenyewe, niseme haki, ni zuri. Halina oili ya kubadilisha, halina chujio la petroli, halina mkanda wa injini wa kukatika ukiwa umevaa nguo nyeupe. Breki zake haziliki upesi. Kwenda mjini na kurudi ni kama robo ya nilichokuwa nakiacha kituo cha mafuta. Kama maisha yangekuwa hesabu peke yake, leo ningekuwa naandika hadithi ya mtu aliyestarehe.

Lakini Kikohozi kilijazwa kituoni, na muuza mafuta hakuwahi kuniuliza naenda wapi. Gari la umeme linajazwa nyumbani. Na nyumbani kuna mwenyewe.

Soketi inayolifaa ni moja tu, iko sebuleni chini ya dirisha la uani. Waya unapita dirishani, kwa hiyo gari likichaji dirisha halifungi, linabaki wazi upana wa kiganja. Zamani sebule ilikuwa tupu mchana kutwa na hakuna aliyejali. Sasa mama mkwe hawezi ngazi, kashushwa sebuleni, na kitanda chake kimewekwa chini ya dirisha hilo hilo. Anaweza kuichomoa plagi bila hata kuinua kichwa.

Na akawa anaichomoa.

"Mama, gari lilikuwa halijajaa."

"Upepo ulikuwa unanipiga mguu."

"Si ungeniita nikuletee shuka?"

"Na mita ilikuwa inalia. Uniti zimekwisha, mwanangu. Gari lako lina kiu."

Nikavuta stuli, nikakaa, nikamweleza kwa upole kama ninavyowaeleza wateja kwa nini bitana inaongeza bei. Nikamwambia umeme ni nafuu kuliko petroli, tena nafuu sana, na mwanawe mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu.

"Petroli alikuwa analipa nani?" akauliza.

"Mimi."

"Umeme analipa nani?"

Nikaitazama mita ukutani. Analipa yeye.

"Sasa rudia, polepole. Ni nafuu kwa nani?"

Nimesoma maelezo mengi ya kulinganisha magari haya, yenye safu za mafuta, safu za matengenezo na safu za thamani ya gari likishazeeka. Hakuna hata moja lililokuwa na safu ya mama mkwe.

"Basi uniti nitanunua mimi, mama. Zote."

Akaniangalia kama nimemtemea mate. "Mtoto halipi umeme nyumbani kwao. Anayelipa umeme ni mpangaji. Wewe ni mwanangu au mpangaji?"

"Mwanao, mama."

"Ahaa. Basi mtoto akitaka kutoka, huaga. Niambie unakwenda wapi, nikupimie."

Nikupimie. Neno la muuza maharage. Tangu siku ile nikawa mtu wa kupimiwa. Sokoni na kurudi, gari lilichajiwa mpaka birika lichemke mara mbili. Kwa mteja wa karibu, mpaka taarifa ya habari iishe. Nikirudi ananiuliza imebaki ngapi, na ikibaki pungufu ya alivyotarajia, anataka kujua nilipitia kwa nani.

Nilikuwa na gari jipya uani, lililooshwa, lenye viti vya kunukia, na sijawahi kukwama namna ile maishani mwangu.

Sasa niwaambie nililowaficha hata ninyi.

Juma lililopita niliwasimulia kwamba nimepata kazi kubwa ya mapazia, nyumba mpya ya wageni juu ya mlima, nje ya mji. Nilichokiruka ni malipo. Nusu ya malipo yangu ni chumba. Kiko chini, kina mlango wake wa mbele wa kuingilia wateja, na nyuma yake kuna kijichumba cha kulala. Mwenye nyumba ya wageni anataka mshonaji wa kudumu aliye karibu. Mimi nataka mlango ambao ufunguo wake ni wangu.

Mjue cherehani yangu imekaa kwenye korido. Kila mgeni anayekwenda bafuni anaruka kitambaa changu, na si wote wanaoruka. Nimeshawahi kumkabidhi mteja pazia la harusi lenye alama ya kandambili kwenye pindo. Nilimwambia ni ua.

Mpango wangu ulikuwa nihame kwanza. Mume wangu nimweleze akirudi, na mama mkwe aelezwe na mume wangu. Ni woga, najua. Lakini ninyi hamjamsikia akiuliza mwana au mpangaji.

Kilichobaki ilikuwa kuzungumza na yule bwana wa mlimani bila kusikiwa. Enzi za Kikohozi ilikuwa kazi rahisi. Naingia ndani, nawasha, mngurumo unapanda, naongea na nimtakaye na hata aliyeegemea boneti haambulii neno. Safari hii nikaingia kwenye gari la umeme pale pale uani, waya wake ukiwa dirishani, nikafunga milango yote, nikapandisha vioo, nikapiga.

Simu ikaita. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka kwenye milango, pande zote nne.

"Mama Mapazia," ikanguruma, "chumba chako kiko tayari. Ufunguo ninao mfukoni."

Kumbe simu yangu ilijiunga yenyewe na spika za gari. Hakuna aliyenionya. Nikabonyeza ile skrini kubwa ya mbele, wipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Nikabonyeza tena, kiti changu kikaanza kurudi nyuma taratibu, nami nikiwa juu yake, nanyoosha mkono nisikifikie kitu.

"Wageni wa kwanza wanaingia Jumamosi jioni," yule bwana akaendelea, hajui masaibu yangu. "Nikikuta mapazia yametundikwa, ufunguo wako. Nisipoyakuta, kuna fundi mwingine kila siku ananibembeleza. Na kile chumba cha nyuma cha kulala tumeshakipaka rangi. Utakipenda."

Nikafanikiwa kuikata simu. Nikabaki nimelala chali kwenye kiti, nikatazama dirisha la sebule.

Pazia la pale nimelishona mwenyewe, la marinda membamba na bitana nzito. Mwendo wa pazia naujua. Mtu akichungulia, pindo ndilo linalotangulia kumsema. Hili halikutikisika. Nikaingia ndani nikijifanya natafuta mkasi. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, mdomo wazi kidogo, anakoroma.

Nikamshukuru Mungu, nikaenda kupiga pasi.

Jumamosi asubuhi nikampelekea chai kitandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo wapi?"

"Upande wa pili wa mji. Kuna mteja ana madirisha mengi."

"Mbali?"

"Mbali kidogo." Nikakumbuka ule mlima. "Mbali sana, mama, ukizunguka na zile barabara zinazochimbwa."

Akanywa chai yake. Akaitazama mita ukutani, akanitazama mimi. "Nitakupimia ya mbali kidogo," akasema. "Ile nyingine ya sana, Mungu atajazia."

Nilipokuwa namalizia kupakia, mabomba ya pazia yakiwa juu ya viti na ngazi yangu fupi imekingama mpaka kwenye dashibodi, akaniita kwa dirishani.

"Chukua sweta."

"Sweta ya nini, mama, na jua hili?"

"Wewe chukua."

Nikachukua, kwa kutotaka maneno.

Chaji kwenye skrini ilikuwa imezidi nusu kidogo. Barabara tambarare likanipa moyo, likateleza vizuri, namba haishuki. Chini ya mlima kuna kile kituo changu cha mafuta cha zamani. Muuza mafuta akanitambua, akanipungia, akashika mpira wa pampu kama anayeniuliza nijaze? Nikampungia nikapita. Hakuwa na kitu cha kunisaidia, na ilinichoma zaidi ya nilivyotarajia.

Kupanda ndiko kulikonimaliza. Mzigo, mwinuko, na kona zisizoisha. Namba kwenye skrini ikawa inashuka nikiitazama, mpaka nikaacha kuitazama. Nilipofika juu ilibaki kiasi cha kunitia aibu, na kulikuwa na baridi kali. Nikavaa sweta, bila kuwaza lolote, nikashusha ngazi.

"Bwana mkubwa, nichomeke wapi gari?"

Mwenye nyumba ya wageni ni mtu wa furaha, suruali yake inashikiliwa na mikanda ya mabegani. "Umeme wanakuja kuunga Jumatatu," akasema. "Lakini usihofu. Nina jenereta."

"Jenereta la petroli?"

"La petroli, ndiyo."

"Yaani nimeuziwa gari lisilotumia petroli, halafu nilichaji kwa petroli?"

"Si ukishatoka kwenye waya ni umeme tu?"

Tukajaribu. Jenereta likaunguruma, likatoa moshi mweusi, likazima. Akaliwasha tena, likazima tena. Akasema samahani, analihitaji hai kwa ajili ya pampu ya maji ya wageni. Nikaona nisilaze kazi kwa ajili ya gari.

Nikatundika. Nisiwachoshe na habari za kulabu na pete, ila nitasema kwamba vyumba vile vilibadilika vilipopata mapazia yangu; vilinyamaza, vikawa na heshima. Yule bwana akapita chumba kwa chumba, anavuta pazia, anafungua, anavuta tena. Halafu akaingiza mkono mfukoni akanipa ufunguo.

Nilifurahi, siwafichi. Mimi ni mtu mzima, nina mume, nina kazi yangu, na ule ndio ulikuwa ufunguo wa kwanza maishani mwangu ambao hakuna mwingine mwenye pacha wake.

Nikaenda kukiona chumba. Sikutazama rangi. Nilitafuta soketi. Nikaikuta karibu na dirisha la mbele, nyeupe, mpya, hakuna kitanda chini yake. Nikatoa futi yangu shingoni, nikapima kijichumba cha nyuma, kuona kama meza ya kukatia itaingia pamoja na kitanda. Iliingia.

Saa ya kuteremka nikaitazama ile namba, nikajipa moyo. Kurudi ni mteremko mtupu, nikasema. Na mteremko naujua.

Marehemu baba ndiye aliyetufundisha kuendesha, mimi na mdogo wangu. Somo lake kubwa lilikuwa moja: ukifika mteremkoni, toa gia, weka nyutro, liache gari liteleze lenyewe, okoa petroli. Alikuwa anaweza kushuka mlima mzima mguu hauko kwenye kitu, anapiga mluzi. Basi nikaweka nyutro. Gari likateleza kimya kimya, kona kwa kona, nami nikawa napiga mluzi. Nikajiona mjanja kuliko waliolitengeneza.

Tulipofika bondeni nikarudisha gia. Kwenye skrini ikawaka picha ya kobe.

Sitanii. Kobe, wa rangi ya chungwa. Gari likaanza kwenda kwa mwendo wake. Watu wanaotembea kwa miguu wakanipita, mmoja akanisalimia. Halafu likasimama kabisa, karibu na kituo cha mafuta, kiasi kwamba harufu ya petroli ilikuwa inaniingia puani.

Ningempigia nani? Mume wangu yuko mgodini. Mama mkwe ana plasta. Alibaki mdogo wangu, fundi wa magari ya petroli, mjini wote wanamwita Spana. Na Spana alikuwa hajasema nami tangu Kikohozi kilipobadilishwa. Yeye ndiye aliyekuwa anakitibu tangu baba afariki, na hakuagwa.

"Spana, nimekwama," nikamwambia.

"Na lile friji lako la magurudumu?"

"Na lile friji."

Akakata simu. Nikajua ndiyo basi. Nikakaa pembeni ya barabara juu ya ngazi yangu, sweta nimeifunga kiunoni, nikasubiri sijui nini.

Kabla sijamwona nikamsikia. Kohoo, kohoo, likavuta pumzi, kohoo. Nikasimama. Kikohozi kile ningekitambua hata nikiwa usingizini. Kikatokea kwenye kona, taa moja imelegea vile vile, na nyuma ya usukani Spana kanuna.

"Umekipata wapi?"

"Nilikinunua kwa wale waliomuuzia shemeji hili la umeme. Walitaka kukikata kiwe chuma chakavu." Akashuka, hanitazami. "Ningekuambia, lakini nilikuwa sisemi na wewe."

Niliikumbatia boneti ya moto mpaka nikaungua kidogo mkono. Sikujali.

Spana akalizunguka gari la umeme mikono nyuma. "Fungua mbele." Nikafungua. Akakuta mfuniko wa plastiki, na chini yake mfuniko mwingine. "Plagi ziko wapi humu?"

"Halina plagi."

"Lina plagi," akasema. "Moja. Anayo mama mkwe wako."

Tukacheka, na kwa kucheka kule ugomvi wetu ukaisha. Akaniuliza nimeshukaje. Nikamwambia, nyutro, kama alivyotufundisha baba. Basi akakaa chini kabisa, mgongo kwenye gurudumu, akashika kichwa.

"Dada. Hili likishuka likiwa kwenye gia, magurudumu yenyewe ndiyo yanayolichaji. Ule mlima mzima ulikuwa umeme wa bure. Umeumwaga wote njiani."

"Umejuaje wewe, mtu wa petroli?"

"Nimeanza kusoma. Unadhani Kikohozi kikiisha nitakula nini?" Alisema bila utani, na nikaona kwamba hata yeye amebanwa, ila kwa upande mwingine.

"Basi tulivute."

"Halivutwi magurudumu yakiwa chini, tutaliunguza. Linabebwa. Nitamtafuta mwenye lori. Wewe panda, nikurudishe nyumbani kabla mama mkwe wako hajaanza kuuliza."

Nikapanda. Kiti kilikuwa bado kimebonyea pale alipokuwa anakaa baba. Spana akawasha, Kikohozi kikakohoa, kikatulia kwenye mngurumo wake, na nikasema moyoni, angalau humu hakuna atakayenisikia nikilia.

Simu ikaita. Mume wangu.

"Mke wangu, upo salama? Simu yangu inaniambia gari limeishiwa kabisa, limesimama chini ya mlima."

Kumbe gari lile lina mdomo mwingine, unaofika mpaka mgodini. Hilo nalo hakuna aliyeniambia.

"Nipo salama," nikasema. "Nilipitia huku mara moja, nikitoka upande wa pili wa mji."

Kohoo, kikasema Kikohozi.

Mume wangu akadakia. "Hiyo sauti ya nini?"

"Sauti gani?"

Kohoo, kohoo.

"Hiyo."

"Kuna mtu hapa ana kikohozi," nikasema, na Mungu ni shahidi kwamba sikudanganya.

"Mke wangu. Hicho kikohozi nimekisikia kila asubuhi niliyoamka nyumbani tangu tuoane." Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi. "Sikiliza. Aliyetaka utafutwe si mimi. Ni mama. Nimemuunganisha, yupo hapa kwenye simu, anatusikia sote. Mama, ongea."

Sauti ya mama mkwe ikaja, karibu kabisa na sikio langu.

"Mwanangu. Sweta umevaa?"

Nikaitazama sweta kiunoni. Nikatazama mlima. Ndipo nilipoelewa.

"Nilivaa, mama."

"Vizuri. Nilijua huko juu kuna baridi." Akasafisha koo. "Lile gari lako, mtu akiongea ndani yake, dirishani kwangu inasikika kama redio."

"Lakini ulikuwa unakoroma."

"Huwa nakoroma nikitaka."

Mume wangu akaguna. Spana, mkono kwenye gia, akanionyesha kwa macho kwamba anasikia kila kitu. Nikangojea matusi. Nilikuwa nayastahili, na nilikuwa tayari kuyapokea.

"Nisamehe, mama. Nilitaka kukueleza."

"Hukutaka. Nami sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Ufunguo amekupa?"

"Amenipa."

"Chumba chenyewe kina ngazi?"

"Hakina. Kiko chini."

"Soketi ipo?"

"Ipo, mama."

"Na hicho cha nyuma cha kulala. Vitanda viwili vinaingia?"

Nikadhani sijasikia vizuri. "Viwili vya nani, mama?"

"Changu na chako. Hapa kuna ngazi, mwanangu yuko chini ya ardhi, na aliyenivunja mguu ni wewe. Ukihama unaniacha na nani, na mita? Nguo zangu nimeshazifunga. Nimezifunga mwenyewe, kwa mguu mmoja, zipo mlangoni." Sauti ikapungua kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikasikia kwamba anaogopa. "Usinijibu kama mpangaji. Nijibu kama mwanangu. Vinaingia, haviingii?"

Ufunguo ulikuwa kiganjani, umenichora alama. Vinaingia. Nilikuwa nimepima kwa futi yangu mwenyewe. Palipoingia meza ya kukatia pangeingia kitanda cha pili, meza ikakosa mahali, na sisi wawili tungebaki na njia ya kupita kwa ubavu.

"Sisikii," mama mkwe akasema. "Hicho kikohozi kinapiga kelele. Vinaingia?"

Nikamtazama Spana. Nilimwomba kwa macho akanyage mafuta mpaka mwisho, kingurume, nidai mtandao umekatika. Mdogo wangu akanielewa vibaya kabisa. Akanyoosha mkono, akazima injini, ili dada yake asikike vizuri.